Ukuta wa Niru Mjini Jidda

Nyinyi vijana mnaonisumbua barazani kila jioni, "Mzee Famau, tupe siri ya Saudia," leo nimeamua kuwaandikia, maana mkiwa mbele yangu hamsikilizi. Jicho moja kwangu, jingine kwenye simu. Siri ya kupata ajira huko siijui. Mawakala wa siku hizi ni wengine na njia zao ni nyingine. Ninachokijua mimi ni chokaa. Nimeishika tangu sijaota ndevu, na mke wangu husema nikikohoa unga mweupe hutoka.

Basi nitawapa habari za ukuta mmoja. Uko Jidda, katika mji wa kale, ndani ya nyumba ya mama mmoja tuliyekuwa tukimwita Khala, yaani mama mdogo, Fawziya. Nusura ukuta huo uangamize nyumba nzima, na kisa chenyewe kilikuwa neno moja tu la kwetu Lamu.

Kwanza mjue nilifikaje huko. Ilikuwa miaka ile Wakenya walipokuwa wakimiminika Saudia, wake kwa waume, na mimi nilikuwa mtu mzima tayari, magoti yakilia kama mlango mbovu. Wakala wa Mombasa alinihakikishia nakwenda kuwa fundi. Nilipofika Riyadh nikapewa ufundi wa kubeba matofali ya saruji. Asubuhi matofali, mchana matofali, na usiku nikiyaota. Nikiuliza chokaa iko wapi, watu walinitazama kama niliyeuliza ngamia amelazwa chumba gani.

Tulikuwa tukilala Manfuha, kusini mwa mji, kwenye nyumba kuukuu za udongo. Chumba kimoja tulijaa Wakenya, madereva na walinzi na wabebaji. Humo ndimo nilimokutana na Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, mlokole, mpishi hodari wa ugali, na mwepesi wa kucheka kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Siku za Ijumaa wenzangu walipokuwa wakipiga simu nyumbani, mimi nilikuwa nikizunguka mitaani kupapasa kuta. Zile nyumba za udongo zimejengwa na watu waliojua kazi. Kuta nene, chini pana, juu zikipungua, na ndani baridi hata jua likiwaka.

"Mzee, unabembeleza ukuta ya wenyewe," Wafula alikuwa akiniambia. "Watakushika."

Ukuta wa chumba chetu ulikuwa na shimo, nami siku moja nikajifanya mjuzi. Nikachukua saruji kidogo iliyobaki kazini nikaziba. Likapendeza, nikajisifu. Ilipokuja mvua, na msidhani Riyadh haina mvua, udongo ulilowa ukavimba, saruji ikakataa kuvimba nao, na kile kiraka changu kikabanduka kizimakizima kikaanguka juu ya sufuria ya Wafula. Hatukula usiku ule. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba ukuta wa zamani haufungwi kwa kitu kigumu kuliko wenyewe. Mjomba wangu Bakari, aliyenifunza kazi Lamu, alikuwa amenieleza hayo nikiwa kijana, lakini nyinyi mnajua vijana wanavyosikiliza.

Siku moja kafili wetu, mdhamini aliyetuajiri, akaja na dereva wake Mkenya. Alikuwa na jamaa yake Jidda aliyechukua kazi ya kutengeneza nyumba ya kale, na jamaa alitaka watu wanaojua "nura". Dereva hakuijua nura ni nini. Mimi niliruka! Kwetu Lamu lile lipu laini jeupe la chokaa, linalong'aa mpaka unajiona uso, tunaliita niru. Nura, niru, ni watoto wa mama mmoja. Nikamwambia dereva, "Ni chokaa hiyo!" naye akageuka akawapigia kelele waliokuwa nyuma, "Nani mwingine? Chokaa! Chokaa!"

Wafula alikuwa amelala kwenye kivuli na taulo kichwani. Akainua mkono.

Tulikuwa tumeshaiacha Riyadh mbali, ndani ya gari, aliponigeukia kwa upole. "Mzee, lakini huko Jidda kweli wanatupumzisha?"

"Wakupumzishe kwa nini?"

"Si waliuliza nani amechoka?"

Nilicheka mpaka dereva akataka kusimamisha gari. Sikumsemea. Ikama zetu, vibali vya kukaa nchini, zilibaki kwa kafili yule yule, tumeazimwa tu kama ngazi, na nilijua mmoja wetu akirudishwa ni wote wawili. Njia nzima nikamfunza majina ya vitu: mwiko, bao la kusawazishia, chekecheke, chokaa mbichi, chokaa iliyozimwa. Tulipofika alikuwa anayatamka kama aliyezaliwa kwenye tanuu la chokaa.

Tukapewa chumba Mahjar, mtaa wa wafanyakazi. Kila asubuhi tulipelekwa mji wa kale. Nilipouona mara ya kwanza machozi yalinilengalenga, na sioni haya kusema. Nyumba ndefu za mawe ya matumbawe, ghorofa juu ya ghorofa, vichochoro vyembamba vya kupishana kwa bega, na madirisha makubwa ya mbao yaliyotokeza nje, yamechongwa maua na matundu. Wao huita roshan, nasi kwetu husema roshani. Ndani ya kuta mbao zimelazwa katikati ya mawe, ili jengo likicheza lisipasuke. Nikatazama dari la chumba cha nyuma, boriti za mkandaa, mikoko ya pwani! Zile zile za kwetu, nyekundu, fupi, na ndiyo maana upana wa chumba ulikuwa kama wa chumba cha mama yangu. Nikatandaza mikono kupima. Wafula naye alisimama uchochoroni akiitazama roshan.

"Nani alibandika kabati nje ya nyumba?" akauliza.

Tukaambiwa muallim anakuja. Sasa mimi mtu wa Lamu, ukiniambia maalim najua ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Nikanawa uso, nikavaa kofia safi, nikatayarisha na swali moja la sala za safarini. Akaja mzee ana vumbi mpaka kwenye nyusi, anamgombeza dereva wa mchanga kwa matusi ambayo sikuwahi kufunzwa chuoni. Kumbe huko Hijazi, pande hizo za Jidda, fundi mkuu wa ujenzi ndiye muallim. Huyo alikuwa Muallim Saleh, na swali langu nikalimeza.

Vijana, mkipata mwalimu kama yule msimwache. Kwanza hakutaka kuona mikono yetu. Alichota mchanga akautia mdomoni, akautema. Akachota mwingine, akamkunjulia Wafula kiganja.

"Mzee, huyu anataka nile mchanga," Wafula akaninong'oneza.

"Onja."

Akaonja, akakunja uso. "Ina chumvi."

"Mafi!" Muallim akapiga kelele, yaani hapana, na lori zima likarudishwa. Mchanga wenye chumvi ukiutia katika lipu, chumvi haitulii. Hufuata unyevu mpaka usoni mwa ukuta, na hapo humenya lipu kama ganda la kitunguu. Mchanga wa bondeni, mbali na bahari, ndio alioutaka. Tangu siku hiyo Wafula ndiye aliyekuwa ulimi wa kazi. Lori likija, yeye huitwa.

Chokaa nayo ilikuwa shimoni, imezimwa kwa maji zamani, imefunikwa maji juu. Chokaa iliyoiva ukiichota hutetemeka kama maziwa ya mgando, wala haikwaruzi ukiisugua vidoleni. Isiyoiva ina vipunje, na kipunje kimoja kikizimika ndani ya ukuta hufura na kurusha lipu. Msiizime mkiwa mmesimama upande upepo unakoelekea. Pakeni mafuta mikononi. Na macho yenu yalindeni, kwa sababu hakuna duka la macho.

Mkubwa wa kazi, muhandisi, alikuwa Mwairishi aliyeitwa Donali, nasi tukimwita Muhandis. Ngozi yake ilikuwa imepikwa na jua mpaka ikawa na madoa kama ndizi. Alizungumza Kiingereza, na Wafula aliyepata alama nzuri shuleni akateuliwa kufasiri. Siku ya kwanza alimsikiliza kwa makini, akanigeukia. "Mzee, hii si Kizungu tulifunzwa."

Lakini walizoeana, na wakati wa chai Muhandis alikuwa akitutolea picha za kwao. Mji mdogo wenye soko katikati, na katikati ya soko jumba la mawe, chini matao walipokuwa wakulima wakiuza siagi na nafaka, juu saa kubwa. Barabara yao kuu ina maduka yenye milango ya rangi kali, nyekundu, samawati, manjano, kanisa kwenye kilima, na daraja la mawe lenye migongo. Alizijua nyumba zile moja moja, nani alijenga ipi na nani aliibomoa. Mvua, alisema, hunyesha hata jua likiwaka. Babu yake alikuwa akilipaka lile jumba la soko chokaa. Kisha wakaja watu wa maendeleo wakalivisha saruji, gumu, safi, la kudumu. Maji yakapata mwanya wa kuingia, yakakosa pa kutokea. Mawe yakawa unga ndani ya lile vazi. Yeye akiwa kijana aliajiriwa kubandua saruji kwa tindo, na humo ndimo alimopata kazi ya maisha yake.

Wafula alipomfasiria Muallim Saleh, Muallim akatikisa kichwa kwa huruma. "Mvua ni kitu gani? Njoo uone chumvi ya bahari." Muhandis akakataa, mvua ni mbaya zaidi. Wakabishana mpaka chai ikapoa, mmoja akitetea adui wa kwao na mwenzake wa kwao, kana kwamba mshindi atapewa zawadi. Mimi nilifurahi. Mzee wa Jidda na mtu wa nchi ya mvua walikuwa wakiugua ugonjwa mmoja.

Sasa nyumba yenyewe. Khala Fawziya alizaliwa mle. Aliolewa akatoka, akafiwa, na wakati huo alikuwa akiishi Aziziya, mtaa wa kisasa, kwenye nyumba ya mwanawe, yenye kila kitu ila kichochoro. Macho yalikuwa yamemfifia. Alitaka jambo moja tu, arudi akae katika nyumba yake ikiwa vile alivyoiacha. Mwanawe, mtu mwema lakini wa haraka, alitaka kuta zikwanguliwe, zipigwe saruji, roshan ziuzwe, na chini pawekwe mkahawa. Wakagombana, wakapatana hivi: ukuta mmoja wa sebule ya chini utengenezwe kwa nura. Mama akija akiupenda, nyumba nzima itafuata. Ukiharibika, saruji, na mama abaki Aziziya. Sisi sote tulijua hivyo. Muallim Saleh tangu siku ile hakutukana mtu, na hapo nilijua ameogopa.

Tukaufanya ukuta ule kama unaotengenezewa bibi harusi. Lipu la kwanza la chokaa na mchanga likakaa, tukalinyunyizia maji kwa ufagio asubuhi na jioni, tukalitundikia magunia mabichi jua lisiliguse. Nililigonga kwa kifundo cha kidole kila mahali. Lipu lililoshika hujibu kwa sauti fupi, lililoachia hulia kama debe. Lote likajibu fupi. Ikabaki niru, ngozi ya mwisho, na hiyo ilikuwa zamu yangu.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya Khala kuja, nilikuwa juu ya jukwaa nikipaka, Wafula akinichotea. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kukubali, alipaka vizuri sehemu za chini. Mara adhana. Muallim alikwisha kwenda msikitini. Nikateremka mbio nikitafuta kofia. Na mimi, vijana, nikiwa na haraka hurudi Lamu bila nauli. Kiswahili cha vitabu hunitoka kikabaki cha mamangu. Kwetu moja tunasema moya. Mmoya, moya, hivyo hivyo. Nilitaka Wafula apake mkono mmoja tu wa niru, yaani tabaka moja, mpaka mwisho, asirudie, nikamwambia nikiwa mlangoni:

"Ukuta wote, moya! Usibakize mahali!"

"Sawa, mzee!"

Nilisali nikamaliza, nikarudi kwa miguu taratibu nikiwa na raha zangu. Mlangoni nikaona maji meupe yakitoka uchochoroni. Nikaingia. Wafula alikuwa amesimama katikati ya sebule na mpira wa maji mkononi, akiuogesha ukuta kutoka juu hadi chini kama anayeosha gari. Niru yangu yote ilikuwa sakafuni, uji mtupu.

Niliinua mikono tu.

"Inashuka, mzee," akasema kwa wasiwasi. "Nikadhani ndio inavyooshwa. Kuna mahali nimebakisha?"

"Nani alikwambia umwage maji?"

"Si wewe! Si umesema moya? Ukuta yote, moya. Hii Saudia nzima nani hajui moya ni maji?"

Hapo tena. Ndilo neno la kwanza kila mmoja wetu alilojifunza, hata kabla ya yalla, twende. Kiu ikikubana Saudia unaomba moya, unapewa maji. Nami nilikuwa nalitumia hivyo kila siku kwa Waarabu, na kwa Wafula nikalitumia la kwetu, bila kujua kwamba nimevuka mpaka. Nikaketi sakafuni katika uji wangu. Nilikasirika, nikataka kulia, nikataka kucheka.

Muallim Saleh akaingia na Muhandis nyuma yake. Wakatutazama. Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, kwamba kwetu moya ni wahid, moja. Muallim akaniuliza mara mbili ili ahakikishe. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akacheka. Alicheka mpaka akavua kofia akafutia macho. "Wallahi kwa watu wa Famau maji ni moja!" akasema, na akatoka nje kumwambia jirani muuza vitambaa, akarudi, akacheka tena.

Muhandis hakucheka. Niru iliyoiva shimoni ilikuwa ya ukuta mmoja tu, na nyingine haikuwa tayari. "Kesho mwanawe ataona ukuta uchi," akasema. "Atasema chokaa imeshindwa." Wafula akafasiri kwa sauti ndogo, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Muallim akasimama, akaweka kiganja kwenye lipu la chini, akagonga hapa na pale. Halikuwa limepata dhara. Lilikuwa limelowa tu, limekuwa jeusi kidogo. "Shwai shwai," akasema, yaani polepole. "Msiguse. Tutamwonyesha ulivyo." Tukasafisha sakafu. Wafula alitaka kuniomba msamaha, nikamwambia aombe kwa kamusi.

Jumamosi Khala Fawziya akaja, ameshikwa mkono na Kadzo, msichana wa Kilifi aliyekuwa akifanya kazi kwao Aziziya. Kadzo alikuwa na chupa ya kahawa kwapani na kiti cha kukunja begani, na aliposikia Kiswahili chetu aliruka kwa furaha. Mwanawe Khala alitangulia ndani. Akautazama ukuta, akauonyesha kwa kidole.

"Hii ndiyo kazi? Hili si tope?" Na simu akawa ameshaitoa ampigie mtu wa saruji.

Muhandis alianza kueleza, Wafula akaanza kufasiri, Muallim akaanza kuapa, wote kwa pamoja. Mimi nilisimama pembeni. Niliwaza mama huyu atarudishwa Aziziya leo kwa ajili ya ulimi wangu.

"Nyamazeni," Khala akasema.

Alimwachia Kadzo mkono, akaenda mwenyewe, taratibu, akipapasa hewa, mpaka viganja vyake vikaufikia ukuta. Ulikuwa baridi, bado unalia maji. Akavuta pumzi. Akaweka shavu. Akakaa hivyo mpaka mwanawe akateremsha simu.

"Kadzo, unasikia harufu?"

"Ndiyo madam, nasikia. Kama mvua."

"Si mvua. Ni Shaabani. Mama alikuwa akitupakia nura chumba hiki kabla ya Ramadhani, na usiku tunalala hapa chini sisi watoto, tumeugusisha migongo huu ukuta kwa ajili ya baridi yake. Mama anatugombeza, nguo zimekuwa nyeupe, na kesho yake tunarudi." Akageuka kwa mwanawe. "Wangeumaliza, ningeletwa kuuona. Na mimi nikaone nini kwa macho haya? Huu nimeunusa."

"Lakini mama, haujakwisha."

"Na mimi sijakwisha. Mafi saruji. Nyumba yote hivi. Halas, imekwisha."

Wafula alinikumbatia akaninyanyua na magoti yangu mabovu. Muallim Saleh alitoka nje haraka, akasema ana vumbi jichoni.

Niru ya pili ilipoiva tukaupaka, safari hii kwa kutii amri ya Muallim: mbele ya Wafula nihesabu kwa Kiarabu. Wahid, ithnein. Tukapanda ghorofa kwa ghorofa. Khala alikuwa akija na kiti chake, anaketi katikati ya vumbi, anatuelekeza taa ilikuwa wapi, nani alizaliwa chumba gani, ngazi ipi ilimvunja jino. Kadzo alikuwa akitupikia wali wa nazi jikoni kwao akauficha kwenye chombo cha tende. Seremala alizibandua roshan vipande vipande, akabadilisha vilivyooza tu, akazirudisha. Wafula akawa fundi kweli. Siku hizi yuko Bungoma, anapiga lipu la chokaa kwenye kanisa la zamani, na hunipigia simu kuniuliza mambo. Simwambii lolote kwa Kiamu cha kwetu.

Ninachotaka mkishike ni hiki. Saruji ina kazi yake, siichukii, hata mimi choo changu nimekijengea. Lakini ukiingia nyumba ya kale, usiingie na haraka zako. Onja mchanga. Gonga ukuta usikilize. Uliza nani amelala hapo. Na ukimwachia mwenzako maagizo, mwambie ayarudie kwa maneno yake, ndipo uende msikitini.

Tulimaliza nyumba wakati baridi kidogo ilipoingia. Siku ya kuhamia, Khala alikuja na sanduku moja na Kadzo. Mwanawe alitaka kufanya karamu, akakatazwa. Tulisimama uchochoroni na ndoo zetu, Muallim, Muhandis, Wafula na mimi, tumevaa vizuri, kila mmoja akidhani ataitwa ndani kunywa kahawa. Muhandis alikuwa na kamera tayari, apeleke picha kwao. Mimi nilikuwa nimetayarisha na maneno.

Khala akapanda kizingiti. Akapapasa mwimo wa mlango, kushoto, kulia. Akaingia. Akageuka, akatutazama pale alipodhani tupo.

"Mnangoja nini? Halas, yalla, nendeni kwenu. Nyumba ina mwenyewe."

Akaufunga mlango. Tukasikia komeo likiingia mahali pake, na nyuma yake sauti yake ikimwita Kadzo waende juu. Tulibaki tukitazamana na ndoo zetu. Wallahi, vijana wangu, sijapata kufungiwa mlango nikafurahi kama siku ile.